Taa Zilizomulika Nyanya za Evarista

Roza, mtoto wangu wa kwanza, alizaliwa kando ya barabara karibu na Mazombe, kwa sababu taa za pikapu ya baba yake zilizimika njiani. Uchungu ulinianza wakati wa kufungia kuku. Tukaondoka Ilula kwenda Iringa mjini kwa mwanga kama wa kibatari kilichokaukiwa mafuta, na kabla hatujafika nusu ya safari hata huo ukakatika. Danieli, mume wangu, alijaribu kuendelea kwa kufuata ukingo wa lami, akashindwa, akazima injini. Mama mmoja wa nyumba za pale, ambaye mpaka leo simjui jina, alisikia sauti yangu akaja na kijinga cha moto na khanga mbili. Namwombea heri kila ninapomwona Roza akikimbiza vifaranga. Lakini damu ilinitoka nyingi, na nilipofikishwa hospitali asubuhi, nesi alinishika mkono akaniambia kwamba siku nyingine nisisubiri kuche. Uchungu ukianza, niondoke.

Hiyo siku nyingine ilikuja mwaka 1976. Nilikuwa na mimba ya miezi minane mkunga wa zahanati aliponipapasa tumbo, akapapasa tena, kisha akaniita mimi na Danieli pamoja. Mtoto alikuwa amelala mkingamo. Huenda atageuka, alisema, lakini asipogeuka huyu hazaliwi nyumbani wala njiani. Ni lazima nipasuliwe Iringa, tena mara uchungu uanzapo.

Danieli hakula siku hiyo. Kesho yake alipakia matenga ya nyanya kama kawaida, na juu ya matenga akafunga baiskeli yake. Alirudi jioni ya pili bila baiskeli, na pikapu ikiwa na macho mapya.

Nasema macho kwa sababu ndivyo zilivyoonekana. Pikapu yetu ilikuwa imetengenezwa kabla ya Uhuru, rangi yake imechujuka kama majani makavu, na taa zake za zamani zilikuwa zimeingia maji mpaka zikaota kutu kwa ndani. Hizi mpya zilikuwa safi kama maji ya kisimani, vioo vyake vimechongwa vimistari vidogo vidogo. Fundi Liberatus wa pale Mshindo, Iringa mjini, alizitoa kwenye gari la mhandisi mmoja wa kutoka ng'ambo lililopinduka likawa halifai tena. Hakubadilisha taa peke yake. Alifumua waya zote nyembamba akaweka nene, akatia na kidude cheusi kinachoitwa rilei. Danieli alinieleza rilei hiyo mara tatu kabla sijamaliza kusonga ugali. Alisema zamani umeme ulikuwa ukizunguka mpaka kwenye swichi ndipo uende kwenye taa, kama maji ya mfereji mrefu, yanafika kwenye nyanya yamechoka. Sasa umeme unatoka kwenye betri moja kwa moja, na swichi kazi yake ni kufungua mlango tu.

“Hata uchungu ukuanze saa ngapi, Mama Roza,” akaniambia, “utaiona barabara mpaka Iringa kama mchana.”

Niligeuza uso nikajifanya moshi umeniingia machoni. Mtu aliyependa baiskeli yake namna ile.

Wiki ile ya kwanza alikuwa mtu mwenye furaha. Kwenye barabara hii ya Zambia madereva wana desturi ya kusalimiana kwa taa: wanaofahamiana wakikutana, huyu anawasha na kuzima, na mwenzake anajibu. Danieli hakuwa na wa kumsalimia, maana yeye ni wa Ilula na Iringa tu, mara moja moja Mbeya. Sasa akaja kunisimulia kwamba malori makubwa yanamsalimia. Matangi ya mafuta, mabasi, kila mtu. Wengine mara mbili, mara tatu. Naye hakuwa na kiburi, aliwajibu wote kwa taa zake kubwa. Mama mkwe alisema hivyo ndivyo dunia ilivyo, ukiwa na kitu kizuri unapata ndugu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuuza nyanya na vitunguu barabarani. Nakaa upande wa kushoto kwa anayetoka Iringa, na ng'ambo ya lami, uso kwa uso na mimi, anakaa Evarista, rafiki yangu na mshindani wangu. Mtu aliyekaa pale miaka minne anajua magari kwa taa zake. Jua likizama, gari linalotoka Iringa huja na mwanga wake ukilamba ukingo wetu wa kushoto, na kwa muda wa kuhesabu tatu nyanya zangu zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Hapo ndipo tunapoinua sahani juu, maana dereva anaona. Wanaotoka Dar es Salaam wanamulika za Evarista. Ndivyo tulivyogawana wateja bila kugombana.

Jumatatu moja Danieli akawa anarudi kutoka mjini giza likianza kuingia. Nilimjua kwa mlio wa injini. Nikamsimamisha Roza nimwonyeshe baba yake anavyokuja na mwanga. Mwanga ukaja, ukapita, na nyanya zangu zikabaki gizani. Ng'ambo, nyanya za Evarista ziliwaka zote, na sahani, na miguu yake, na ukuta wa duka nyuma yake mpaka kwenye bati. Evarista alijikinga uso kwa kiganja.

Pikapu ilipopita akanisalimu kwa Kihehe, kwa kelele, akicheka: “Kamwene, Mama Roza! Unaona mwenyewe mumeo anampenda nani. Nyanya zako kazifanya yatima.”

Wanawake wote wakacheka, nami nikacheka. Lakini usiku wakati wa kumwogesha Roza nikawa nafikiria ule mwanga. Magari yote yanamulika kushoto, la kwetu linamulika kulia. Nilimwambia Danieli. Akasema Evarista amezidi utani, na kwamba taa zenye nguvu zinamulika kila mahali.

Kesho yake mchana lori la mizigo lilisimama likitokea Mbeya. Dereva wake alishuka akanyoosha mgongo, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akajitambulisha kwa wanawake wote kama tulivyozoea kwa Wanyakyusa: yeye ni Yotamu Mwakalobo, mke wake hajambo, ng'ombe wake hawajambo, na nyanya gani hizi za bei ya dhahabu. Alipokuwa akichagua, akatuuliza kama tunafahamu pikapu moja ya huku, chakavu, yenye taa kama jua. Alikutana nayo wiki iliyopita kwenye kona ya Mazombe akielekea Iringa. Hakuona kitu. Alikanyaga breki huku tairi za kushoto zikishuka kwenye changarawe, na korongo lilikuwa hapo hapo.

“Nikamwashia taa ashushe zake,” alisema. “Unajua alifanyaje? Akaniwashia na yeye. Mara tatu. Kama tuko harusini.”

Wenzangu walivunjika mbavu. Evarista peke yake hakucheka; aliniangalia kutoka ng'ambo. Mimi ndipo nilipoelewa. Salamu zote zile ambazo mume wangu alikuwa akiniletea nyumbani hazikuwa salamu. Watu walikuwa wakimwomba asiwaue. Na siku atakapokuwa ananipeleka mimi, nikiwa nimelala na mtoto mkingamo tumboni, tutakutana na mwingine kwenye kona ile ile, na huyo huenda hatakanyaga breki kwa wakati.

Nilimfungia Yotamu tenga lake, nikamsindikiza mpaka mlangoni mwa lori, wenzangu wasisikie.

“Baba,” nikasema, “ile pikapu ni ya mume wangu.”

Aliniangalia usoni, kisha tumboni, akaacha kutabasamu. Nikamweleza yote: Roza, mkunga, baiskeli, taa za mhandisi, na jinsi mwanga unavyoruka kwenye nyanya za upande wa pili. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza huyo mhandisi alitoka nchi gani. Sikujua. Akasema haidhuru, nchi nyingi za kule wanapita kulia, na taa zao wamezichonga hivyo, hata ukizishusha mwanga unapanda upande wa kulia ili waone ukingo wao. Kwetu tunapita kushoto. Upande wao wa ukingo ndio upande wetu wa anayekuja.

“Hakukosea kwa ubaya, wala fundi wake,” alisema. “Kwa macho huwezi kujua. Mwambie.”

Nikamjibu kwamba nimeshamwambia, na ameniambia ni utani wa Evarista. Yotamu akakuna ndevu. Alikuwa anarudi kutoka Dar Alhamisi, angepita jioni. Akaniuliza kama hapa Ilula kuna ukuta mweupe.

Ukuta ulikuwepo, ule wa shule tuliposomea kisomo cha watu wazima. Mimi nilikuwa na mwaka wa pili katika darasa hilo la jioni, la mwalimu Ezekia. Nilikuwa nimeanza nikiwa siwezi kuandika hata jina langu, Benedicta, na sasa nilikuwa nasoma gazeti polepole kwa kidole. Soksi ya karabai, yaani utambi wa taa ya darasa letu, ilikuwa imepasuka tangu juzi na duka halikuwa na nyingine. Kwa hiyo sikusema uongo nilipomwendea mwalimu Ezekia nikamwomba amwite Baba Roza aje atumulikie ubao kwa taa zake. Sehemu iliyobaki nilimweleza pia. Mwalimu alifikiri kidogo, akasema hilo litakuwa somo, na somo ni kazi yake.

Danieli alikuja Alhamisi akiwa amevaa shati safi. Tulikuwa tumetoa ubao nje na kuuegemeza kwenye ukuta uliopakwa chokaa, sisi kina mama na wazee tumekaa kwenye mabenchi pembeni. Aliisimamisha pikapu hatua kumi kutoka ukutani, akashusha taa kwa heshima, asije akatuumiza macho. Watu wakasema aa. Kweli zilikuwa taa nzuri.

Mwalimu Ezekia akaanza kuandika kushoto mwa ubao, tukamwambia hatuoni. Akahamia kulia, tukaona mpaka vumbi la chaki. Akamwomba radhi mwenye gari, akachukua chaki ya bluu na kufuata kwenye ukuta pale mwanga unapokoma. Mstari ukaenda sawa kutoka kushoto mpaka katikati, halafu ukapinda na kupanda, ukapanda kulia mpaka alipolazimika kusimama kwenye kiti. Danieli alikuwa ameegemea boneti akitazama, bado anatabasamu, akidhani ni hesabu za maumbo.

Ndipo lori la Yotamu likaingia uwanjani. Aliwaamkia wazee, akamwomba Danieli asogeze pikapu kidogo, akaweka lori lake mahali pale pale na kushusha taa. Mwalimu akachukua chaki nyekundu. Mstari ukaenda sawa kutoka kulia mpaka katikati, ukapinda, ukapanda kushoto. Mistari miwili ilikatana ukutani kama pembe za ng'ombe wawili wanaopigana.

Yotamu alimweleza Danieli kwa sauti ya chini, dereva kwa dereva, habari ya nchi zinazopita kulia, na kona ya Mazombe, na changarawe. Sikusikia yote. Niliona tabasamu la mume wangu likiondoka polepole, akageuka kutazama ukuta, kisha barabara, kisha ukuta tena.

“Kwa hiyo wote wale,” akasema, “walikuwa wananitukana.”

“Kwa adabu tu,” Yotamu akamjibu. “Matusi yenyewe walikuwa wanayasemea ndani.”

Mzee mmoja akaanza kucheka, darasa zima likafuata, na mwishowe Danieli mwenyewe. Lakini tulipofika nyumbani alibaki kwenye pikapu muda mrefu. Nikamfuata, nikapanda nikakaa pembeni yake.

“Ulijua tangu lini, Mama Roza?”

“Tangu Jumatatu.”

“Ukaogopa kuniambia.”

“Nilikuambia. Ulisema ni Evarista.”

Alikubali kwa kichwa. Baadaye akasema alikuwa anataka nisiogope, hilo tu, siku ile nitakapopanda nisiogope. Nikauchukua mkono wake nikauweka pale mtoto alipokuwa akisukuma ubavu, tukakaa hivyo.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Taa za zamani Liberatus alikuwa ameshazivunja. Mwenyewe aliposikia habari alikuja kwa basi mpaka Ilula, akanipa pole kana kwamba nimefiwa, akasema “shemeji, nisamehe, nilitazama zinavyoingia, sikutazama zinavyomulika.” Waya na rilei vilikuwa sawa kabisa, tatizo ni taa zenyewe, na Iringa nzima hakuwa amepata nyingine za kipimo hicho. Danieli akawa anasafiri mchana tu. Mkunga alinipapasa tena. Mtoto hakuwa amegeuka. Zilibaki wiki tatu, pengine mbili. Kila nikilala nilikuwa nahesabu: uchungu ukija mchana tutapona, ukija gizani tutachagua kati ya kungoja na kupofusha watu.

Yotamu alikuwa ameondoka bila kuahidi kitu. Alichukua kamba tu, akapima upana wa taa zetu, akafunga fundo, akaitia mfukoni. Siku ya tisa basi la kutoka Makambako lilisimama mbele ya nyanya zangu, utingo akaniuliza kama mimi ndiye Benedicta wa darasa la jioni. Akanishushia mzigo uliofungwa kwenye gunia la mchele na kushonwa kwa kamba ya katani. Alisema yeye kaupokea Makambako kwa dereva wa lori la mpunga wa Chimala, na huyo kaupokea Chimala kwa mtu wa Mbeya. Hakuna aliyejua ndani kuna nini. Wote walijua kitu kimoja, kwamba usigongwe na usicheleweshwe, mwenyewe ni mjamzito.

Nilikaa chini pale pale nikafumua. Ndani ya pumba za mpunga kulikuwa na taa mbili. Na barua. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwangu kuandikiwa mimi kwa jina langu. Evarista alivuka barabara akaja kunisikiliza nikiisoma kwa kidole.

Yotamu aliandika kwamba taa zilitoka kwenye lori la Zambia lililokuwa gereji Mbeya, na Zambia wanapita kushoto kama sisi. Tuhakikishe maandishi ya kwenye kioo yamekaa juu. Tuzijaribu kwenye ukuta kabla ya barabara. Mke wake Atuganile ananisalimu, na yeye ndiye aliyeshona gunia. Basi. Hakutaja malipo.

Jioni hiyo Danieli alizifunga mimi nikimshikia skrubu za taa kwenye kiganja, Roza amekaa juu ya tairi la akiba. Tukaenda shuleni. Mistari ya chaki ilikuwa bado ipo, mwalimu alikuwa amekataza watoto wasiifute. Danieli alishusha taa, akawa anakaza huku na kulegeza kule, mimi nasimama ukutani namwelekeza, juu kidogo, kushoto kidogo, mpaka mwanga ukaulalia mstari mwekundu wote.

Uchungu ulinijia siku mbili baadaye, saa kumi alfajiri, na ukungu. Mtu wa nyanda hizi anaujua ukungu wa Julai: unatoka mlangoni huoni jiko. Evarista alikuja na shuka, akapanda nyuma kwenye turubai bila kuombwa. Mimi nilikaa mbele, nimeegemea mlango, miguu juu ya kiti.

Danieli hakuwasha taa kubwa, zinarudishwa na ukungu. Alizishusha, na mwanga ukatambaa chini ukalamba ukingo wa kushoto. Niliona majani ya kando ya lami, moja moja, yana maji. Tulikwenda polepole hivyo. Malori yalikuja, moja, la pili, tangi refu la mafuta. Yalitokea kama nyumba zinazotembea, yakapita upande wao kimya, na hakuna aliyetuwashia taa. Kila lililopita Danieli alishusha pumzi.

Baada ya kona ya Mazombe akapunguza mwendo ghafla. Mwanga ulikuwa umekamata visigino. Watu watano au sita walikuwa wakitembea kwenye ukingo wetu, wamebeba mizigo kichwani kwenda mnadani, mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni, khanga yake ya manjano. Hawakuwa hata hatua nane kutoka kwetu. Danieli akapiga honi kidogo, wakasogea kwenye majani, tukawapita taratibu. Yule mama aliinua mkono kutushukuru kwa kupunguza mwendo. Mimi nilikuwa kwenye uchungu, lakini nilijua nimeona nini. Kwa zile taa za mhandisi angekuwa gizani.

Tulifika mjini kabla ya saa kumi na mbili. Daktari alinipapasa mara moja tu, akamwambia nesi watayarishe chumba. Nilipozinduka jua lilikuwa dirishani na pembeni yangu kuna kitu kidogo kimefungwa blanketi, cha kiume, kimekunja uso kama mzee aliyeamshwa mapema. Nesi alisema Danieli amekaa kwenye ngazi tangu asubuhi na amemsimulia kila anayepita habari ya mtoto, na kama hakuna wa kusimuliwa anamsimulia Evarista, aliyekuwepo.

Siku ya tatu, nilipoweza kukaa, niliomba karatasi na penseli. Sikuwahi kumwandikia barua mtu asiye wa darasani kwetu. Niliandika polepole, nikipumzika mshono ulipovuta. Nilimwandikia Yotamu Mwakalobo na mke wake Atuganile, Mbeya, kwamba tulipita salama, kwamba hatukumpofusha mtu, kwamba kuna mama mmoja wa khanga ya manjano ambaye hawamjui wala mimi simjui, naye yuko salama kwa sababu yao. Niliandika kwamba mtoto ni wa kiume, ana afya, ananyonya vizuri, na anaitwa.

Hapo nikakwama, maana jina tulikuwa hatujampa. Nikaacha nafasi, upana wa vidole vitatu, nikaweka penseli chini nikamngoja baba yake aje na chai.